Ada ilifutwa, mfuko wa nini tena?

Wazazi na walimu wakipendekeza mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wasiojiweza, hakosi mtu wa kudakia: si elimu ni bure? Mwingine ataongeza kuwa kuchangishana shuleni ni kosa.

Kilichofutwa Tanzania kuanzia Januari 2016 ni ada na michango ya lazima, hadi kidato cha 4. Kidato cha 5 na 6 vikafuata mwaka 2022. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 ulimwachia mzazi sare, madaftari, kalamu, matibabu, chakula cha mwanafunzi wa kutwa, na kwa wa bweni nauli na vifaa vya kulalia. Hapo ndipo mtoto anayelelewa na bibi muuza mchicha hukwama. Ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Sare na viatu tu huizidi.

Mchango wa hiari haukukatazwa. Balaa ni ile hiari ya mdomoni, mtoto anarudishwa nyumbani kisa mzazi hajatoa. Basi fedha ziende akaunti, si mkononi mwa mwalimu, na matumizi yasomwe kwenye mkutano wa wazazi. Majina ya wanaosaidiwa, hapana: hayo yasisomwe popote, mstarini hasa.