Tovuti nyingi chini ya mfumo mmoja: faida na hatari zake

Tovuti inayotunyima usingizi sisi wasimamizi wa mifumo mara nyingi ni ile ya mradi uliokwisha zamani: bado iko hewani, lakini hakuna anayeisasisha. Mdukuzi huingilia hapo, na ikiwa inakaa seva moja (kompyuta inayohifadhi tovuti) na zenzake, anaweza kuzifikia na hizo. Kuziweka tovuti chini ya mfumo mmoja hupunguza tatizo hili, kwa kuwa programu inasasishwa mara moja na zote zinapata.

WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, imekuwa na uwezo huo wa kubeba tovuti nyingi ndani yake tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010. Drupal, programu nyingine ya aina hiyo, nayo ina njia yake. Ukichungulia hifadhidata (mahali maudhui ya tovuti yanapotunzwa katika majedwali) ya WordPress ya namna hii, utakuta makala za tovuti ya kwanza zimo kwenye jedwali la wp_posts, za pili wp_2_posts, za tatu wp_3_posts. Watumiaji, hata hivyo, wote wamo kwenye jedwali moja, wp_users. Mtumishi akiacha kazi, mnamwondoa mahali pamoja. Lakini nenosiri la msimamizi mkuu likivuja, tovuti zote zimevuja. Wapeni wadhifa huo watu wawili au watatu tu, na kila mmoja atumie uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na uthibitisho wa pili, kama msimbo wa kwenye simu.

Jambo linalosahaulika sana ni nakala rudufu, yaani nakala za akiba. Tovuti moja ikiharibika mkarudisha hifadhidata nzima ya jana, zote zinarudi jana, na makala ambazo wenzenu wameweka leo asubuhi zinapotea. Jizoezeni kurudisha majedwali ya tovuti moja pamoja na folda yake ya picha, tena kwenye seva ya majaribio, kabla maji hayajafika shingoni. Masasisho nayo yapitie hapohapo kwanza, maana programu-jalizi (kiongezo cha mfumo) moja mbovu inaweza kuziangusha zote kwa dakika.

Binafsi nisingechanganya tovuti inayopokea malipo au taarifa za siri na tovuti za habari. Hiyo ibaki na usakinishaji wake, yaani mfumo wake peke yake; mnaweza bado kuifuatilia na kuisasisha pamoja na nyingine kupitia dashibodi moja, yaani ukurasa mmoja wa usimamizi.

Kabla ya kuhamisha chochote, orodhesheni tovuti zote mlizonazo, na mbele ya kila moja jina la anayewajibika nayo. Itakayokosa mwenyewe, hifadhini nakala yake, kisha iondoeni hewani.