Injini nishanunua, imebaki kufunga tu

Kila fundi wa magari hapa Malindi anaijua sentensi hiyo. Simu ikianza nayo, mimi huweka spana chini kwanza. Juzi imekuja yenyewe mpaka gereji, juu ya tuktuk ya mizigo, injini imefungwa kamba ya manila na oili inadondoka tangu langoni.

"Injini gani hiyo, mwanangu?"

"7A, fundi."

"Imetoka kwenye gari gani?"

"Toyota."

"Toyota gani?"

"Fundi nawe! Toyota si Toyota?"

Gari lake ni Corolla 100 yenye 5A iliyochoka, inatoa moshi wa buluu na kila wiki anaongeza oili. Rafiki zake wamemwambia 7A inaingia humo bila kukata bati. Hawakumdanganya, na hapo ndipo tatizo lilipo. Uongo mtupu ningeumaliza kwa dakika mbili. Huu ni ukweli nusu, na mtu mwenye ukweli nusu na risiti mkononi haambiliki.

Tuanze na lililo kweli. 5A, 4A na 7A ni injini za petroli za Toyota, tumbo moja. Kwa ujazo wa silinda, 5A ni cc 1498, 4A ni 1587, 7A ni 1762. Pistoni ya 4A na ya 7A zina upana uleule, milimita 81. Kilichoongezwa ni mwendo wa pistoni kupanda na kushuka, kutoka milimita 77 hadi 85.5, na ili mwendo huo upate nafasi bloku ya 7A ikarefushwa kwenda juu. Kwa hiyo maunti zinazoshikilia injini zinakubali, giaboksi inakubali, boneti inafunga, halafu bomba la egzosi halifiki. Unaongeza kipande, unachomelea. Mkanda wa taimingi nao ni mrefu zaidi, usiniletee wa 4A. Injini ikiwa imetoka kwenye gari la otomatiki na lako ni la klachi, nyuma haina flaiwili, ina sahani nyembamba tu, na bolti za sahani hiyo si za urefu mmoja na za flaiwili. Hayo yote ni kazi ya mikono. Yanachosha, lakini hayajamshinda mtu.

Kinachonitoa roho ni waya na kompyuta inayoiendesha injini.

Muuzaji anataka injini itoke haraka dukani. Anachukua kisu, anakata wayaringi shubiri moja kutoka kwenye soketi za nozeli zinazopuliza petroli, anakukabidhi chuma. Ukiuliza kompyuta anakwambia tumia ile ya zamani, itawaka. Na kweli itawaka! Ukipita mtaani utaona 7A kibao zinazoendeshwa na kompyuta ya 5A, na kila mwenye nayo atakuapia mbele ya watu kwamba gari lake halina neno.

Sasa nisikilize vizuri. Kompyuta haiioni injini. Inasoma mvuto wa hewa ndani ya manifoldi, inasoma kasi ya mzunguko, kisha inafuata hesabu iliyoandikwa kiwandani kwa ajili ya cc 1498: mvuto huu, kasi hii, petroli kiasi hiki. Ukiiwekea injini ya cc 1762, kwa mvuto uleule inaingia hewa karibu asilimia 18 zaidi, na kompyuta haina habari. Ukiwa unajikokota mjini, kutoka soko mpaka hospitali, sensa ya oksijeni inanusa moshi wa egzosi, inagundua petroli ni haba, kompyuta inaongeza kidogo. Gari linakwenda raha mustarehe. Hapo ndipo mtu ananipigia simu kunicheka.

Kisha inakuja siku amepakia watu watano na mizigo ya arusi, yuko Matsangoni, mbele lori, anakanyaga mafuta mpaka chini ili apite. Ukikanyaga hivyo kompyuta inaacha kuisikiliza sensa ya oksijeni, inarudi kwenye hesabu yake ya kiwandani, na hesabu hiyo ni ya injini nyingine. Hewa nyingi, petroli haba, moto unapanda, injini inaanza kugonga. Haifi siku hiyo. Valvu za egzosi zinaungua kidogo kidogo, silinda moja inalegea, na baada ya muda mtu yuleyule anakuja kuniambia kwamba 7A ni injini mbovu na Wajapani siku hizi wanatuletea taka.

Kuna mafundi ninaowaheshimu wanaoifunga hivyohivyo, wakipandisha presha ya petroli kidogo ili kufidia. Huenda wako sawa. Magari yao yapo barabarani na siwezi kuwaita waongo. Mimi siifanyi kwa sababu sina chombo cha kupima mchanganyiko gari likiwa linakimbia na limepakia. Ukinipimia moshi gari limesimama kivulini, umenipimia kitu ambacho sikukiuliza. Naona kuna kubahatisha kwingi humo, na injini si yangu.

Halafu lipo la kuzidi hapo. 7A nyingi zilizokuja kutoka Japani ndani ya Carina na Caldina zilitengenezwa makusudi zichome petroli haba ili zibane matumizi. Hizo zina kompyuta yake, na sensa yake ya egzosi ambayo kompyuta ya kawaida haielewi inasema nini. Kwa nje, ukiitazama injini iko sakafuni, waya zimekatwa, utaona bloku imeandikwa 7A basi. Nikikuuliza imetoka kwenye gari gani sikufanyii ushushu. Nataka kujua nitafute kompyuta gani, na kama inapatikana.

Ndiyo maana nawaambia watu wenye hela kidogo, na hao ndio wateja wangu, wanunue nusu ya mbele ya gari iliyokatwa mzima: injini, giaboksi, wayaringi haujaguswa, kompyuta, feni, rejeta, pedali. Inaonekana ghali. Lakini jumlisha kompyuta uliyotafuta Mombasa wiki mbili, soketi moja moja, na siku ninazokaa chini ya dashibodi yako na taa mdomoni nikiunga waya, halafu uje tena tuzungumze bei. Kanuni yangu, na si ya kitabu chochote, ni kwamba ukishalipa injini tupu, weka kando pesa nyingine kama hizo kabla hujaita fundi. Huna? Subiri.

Wenye Hilux za dizeli wanacheka wakisoma haya, na wana haki. Anayetoka injini ya 2L ya cc 2446 kwenda 3L ya 2779 au 5L ya 2986 amestarehe. Pampu ni ya chuma na springi, haina kompyuta. Waya wa kuzima, waya wa plagi za moto, wa sensa ya joto na ya oili, imekwenda. Nikipewa kazi hiyo kila siku ningezeeka vizuri. Lakini hata wao kuna mahali wanaumia, nako ni kwenye maji.

Rejeta ya injini ndogo ilipimwa kwa joto la injini ndogo. Tena hiyo rejeta imekaa Malindi miaka mingapi? Hewa ya bahari haina huruma, na gari lililokuwa likifanya kazi upande wa Gongoni kwenye mashamba ya chumvi ndilo baya zaidi. Mbele rejeta inaonekana nzima. Toa feni, pitisha ukucha kwenye mapezi upande wa nyuma: yanamong'onyoka kama biskuti na kubaki unga wa kijani kwenye kidole. Zile njia za maji zimebaki uchi, hazina mapezi ya kutolea joto. Kwa injini ya zamani ilitosha kwa sababu injini yenyewe haikuwa na nguvu ya kujichemsha. Tia kubwa, pakia, panda Kaloleni mchana wa Februari, utaona mshale wa joto ukipanda. Na silinda hedi za dizeli za jamii ya L hazipendi kuchemka. Zinapasuka ufa mwembamba katikati ya valvu ambao huuoni mpaka uioshe na kuipima.

Hapa anatokea fundi wa barabarani na dawa yake: toa themostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate moto, eti Pwani kuna joto. Nimechoka na hiyo. Themostati ya Toyota nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Hewa ya Malindi, hata kaskazi ichome vipi, haifiki nusu ya hapo. Kwa hiyo joto la Pwani halihusiani kabisa na kazi ya kile kidude. Ukikitoa, injini ya petroli inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni alfajiri na inaendelea kumimina petroli, oili inachafuka, silinda zinalika. Gari linalochemka na themostati nzima lina rejeta mbovu, au pampu ya maji, au gasketi. Ukitoa themostati umelichelewesha tatizo mpaka safari ndefu. Nakubali jambo moja: themostati za bei ya chini zilizojaa madukani nyingine zinakwama zikiwa zimefunga. Mimi huichemsha kwenye sufuria kabla ya kuifunga, niione inafunguka kwa macho yangu. Nimewahi kurudisha mpya dukani.

Kuhusu kupima injini kabla ya kununua, sitawapa faraja kubwa. Odometa haiji na injini, kwa hiyo neno la muuzaji kuhusu kilomita liache palepale dukani. Kipimo cha kompresheni kinasaidia, lakini injini iko baridi, iko chini, inazungushwa na betri ya dukani, na muuzaji mjanja akitia oili kijiko kwenye kila silinda mita inapanda vizuri kabisa. Mimi siangalii sana namba kubwa. Naangalia kama silinda nne zinakaribiana. Tatu sawa na moja chini, naondoka. Nafungua kifuniko cha oili, nikiona rangi ya maziwa naondoka. Zaidi ya hapo, kusema kweli, injini nzuri na injini ya kawaida siwezi kuzitofautisha zikiwa zimelala sakafuni, na anayejidai anaweza ana kitu cha kukuuzia.

Breki nitazipitisha haraka kwa kuwa hapa hakuna ubishi: gari lenye nguvu zaidi linahitaji breki angalau nzima. Badilisha pedi, fungua dramu za nyuma, hozi za mpira zilizopasuka tupa. Matuta kati ya hapa na Kilifi hayatakungoja.

Na je, 7A ina faida gani hasa? Kwenye Corolla tupu, farasi kumi na kitu zaidi. Utausikia mvuto zaidi kwenye mwendo wa chini, ukiwa umepakia. Kasi ya juu haitabadilika hivyo unavyoota, maana gia na difu ni zilezile. Mwenye 5A inayokula oili, mara nyingi namshauri kwanza tufungue tuone ringi na sili za valvu. Ingawa hapo pia moyo wangu haujatulia, maana ringi za nafuu zinazouzwa sasa nimeona zikianza kutoa moshi mapema mno, na halisi ukizipata bei yake inakurudisha kwenye hamu ya 7A. Kwa hiyo jibu langu hubadilika kulingana na spea zilizopo mwezi huo.

Mwisho ni logbook, hati ya umiliki wa gari. Injini ya 7A namba yake inaanza na 7A, na askari hahitaji kuwa fundi kuona kwamba karatasi inasema 5A. Gari likaguliwe, rekodi ibadilishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla hujaanza kusafiri nalo. Ukigonga na injini isiyo kwenye karatasi, bima imepata sababu ya kukukwepa. Kwa hilo unahitaji risiti ya muuzaji yenye namba ya injini, ileile iliyogongwa kwenye bloku. Wengi hununua bila risiti ili wapunguziwe kidogo, na injini za wizi huuzwa hivyohivyo. Ukija kwangu bila hiyo risiti siifungi, hata ukiniletea na kompyuta yake. Na usinitume mtoto na maneno. Njoo wewe mwenyewe na karatasi.