Daktari wa Nafsi na Kompyuta Yake: Yasemwayo Dakani na Yaliyo Kweli

Kijana wa Lamu akisema anataka kuwa daktari wa magonjwa ya akili, na papo hapo afanye utafiti wa akili unde, yaani kompyuta zinazoigiza akili ya mtu, ataambiwa dakani, pale barazani penye mlango wa nyumba, moja kati ya matatu: atakwenda kukaa na wendawazimu, ataukimbia udaktari aingie kwenye kompyuta, au mashine itamnyang'anya kazi kabla hajamaliza kusoma. Yote matatu yana kasoro. Yapo na mengine, yanayoaminiwa hata na wasomi, ambayo yana madhara zaidi.

"Ni kazi ya juzi, imekuja na simu za kisasa"

Kenneth Colby alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1943, akasomea uchambuzi wa nafsi, akawatibu watu kwa mazungumzo, kisha miaka ya 1960 akahamia Stanford kuandika programu. Mwaka 1972 alitoa PARRY, programu iliyojibu maswali kama mtu mwenye ugonjwa wa kushuku kila mtu. Ndani yake mlikuwa na vipimo vya woga, hasira na kutoaminiana. Ukimuuliza PARRY jambo linalomgusa, vipimo hupanda, na majibu huwa makali au ya kukwepa. Alipewa hata maisha: kijana wa miaka 28, mcheza kamari za farasi, anayeamini genge la Mafia linamwandama.

Mazungumzo yake na ya wagonjwa wa kweli yaliyochapwa kwa maandishi yalisomwa na madaktari 33 wa magonjwa ya akili, watenganishe mtu na mashine. Walipatia kwa asilimia 48, sawa na kurusha sarafu.

Hapo ndipo wengi huteleza na kusema mashine ilikuwa imepata akili. La. Mtu mwenye shaka nyingi hutarajiwa akwepe swali, abadilishe mada, ajibu kwa ukali. Kila mara programu iliposhindwa kuelewa, msomaji aliona ugonjwa. Ungeipa programu hiyohiyo kazi ya kuigiza mtu mzima wa akili, ingeumbuka kwa dakika chache.

"Mashine ya kwanza ya tiba ya mazungumzo ilibuniwa na daktari"

ELIZA, programu ya kuandikiana na mtu iliyotangazwa mwaka 1966, ni ya Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, mtu wa hesabu na kompyuta ambaye hakuwa daktari. Aliigiza mtindo wa Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, kwa sababu rahisi tu: mshauri wa namna hiyo hukurudishia maneno yako, kwa hiyo mashine haihitaji kujua lolote kuhusu ulimwengu. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi, alipoanza kuandikiana nayo alimwomba atoke chumbani. Weizenbaum alishtuka, na mwaka 1976 akachapisha kitabu kizima cha kupinga fikra ya kumkabidhi mtu mwenye dhiki kwa kompyuta. Aliyeitetea ni Colby, daktari, ambaye tangu 1966 alihesabu kwamba kompyuta moja ingeweza kuhudumia mamia ya wagonjwa kwa saa, penye uhaba wa watu wa kuwasikiliza.

Kwa hiyo fundi alikataa, mganga akakubali. Sisi tunaona Colby aliujua uhaba vizuri kuliko Weizenbaum, na ukitazama umbali wa Faza, kisiwani Pate, hadi kwa daktari wa magonjwa ya akili aliye karibu, huwezi kumcheka. Lakini kuhusu yule katibu, Weizenbaum ndiye aliyeona sawasawa: mtu humfungulia moyo kitu chochote kinachomwitikia, na hilo halithibitishi kwamba kitu hicho kimeelewa.

"Tafsiri tu kwa Kiswahili, mashine itaelewa"

Hii ndiyo dhana tunayotaka kukaa nayo, kwa kuwa ndiyo inayoharibu kazi nyingi.

Chukua hila ya ELIZA: badilisha "yangu" iwe "yako", "mimi" iwe "wewe", kisha mrudishie msemaji sentensi yake. Kwa Kiingereza maneno hayo yamesimama peke yake. Kwetu yamefichwa ndani ya kitenzi. Mke anaandika, "Mume wangu hanisikilizi." Kubadilisha "wangu" kuwa "wako" ni rahisi. Lakini "ni" iliyo katikati ya "hanisikilizi" sharti iwe "ku", upate "hakusikilizi". Irabu ya mwisho ikikosewa tu, ikawa "hakusikiliza", maana imehama: sasa ni jambo lililopita, na aliyekuwa hasikilizwi katoweka. Ukiiamuru mashine ibadilishe kila "ni" inayofuata kiambishi cha wakati, ikikutana na "taa inaning'inia" itakupa "taa inakung'inia". Programu za leo hazifanyi kazi kwa kanuni hizi, zimejifunza kutokana na maandishi mengi. Ila maandishi hayo, kwa Kiswahili, ni machache mno yakilinganishwa na ya Kiingereza, na mengi ni ya magazeti, dini na serikali. Mtu hasimulii dhiki zake kwa lugha ya taarifa ya habari. Na Mwamu, mtu wa Lamu, akikuambia "siyui" (sijui), au kwamba "mato" (macho) hayaoni usingizi, hata Kiswahili sanifu cha magazeti hakisaidii.

Kisha kuna maana. Dodoso la PHQ-9, linalotumika sana kupima sonona, lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Anayefikia 10 huitwa kwa uchunguzi zaidi. Limetafsiriwa Kiswahili, na linafaa. Lakini mgonjwa wa pwani mara nyingi haanzi na huzuni. Huanza na mwili. Moyo wanidunda. Kichwa hakitulii. Mwili hauna nguvu. Nina mawazo mengi. Huko Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda na wenzake walianza na neno la Kishona, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, wakawafundisha kina nyanya kusikiliza watu kwenye mabenchi ya zahanati. Mwaka 2016 matokeo ya jaribio lao yalichapishwa, na waliosikilizwa walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao.

Sentensi inayotutia wasiwasi zaidi ni hii: "Bora nipumzike." Mvuvi aliyekesha baharini akiisema, anataka kitanda. Mtu aliyepoteza hamu ya kuishi akiisema, huenda anazungumzia kaburi, kwa kuwa kwetu kupumzika ni neno la staha la kufa. Programu iliyofunzwa vibaya humjibu huyu wa pili kwamba kupumzika ni jambo zuri kwa afya. Kinyume chake, mtu akisema "nyumbani kwetu kuna jini", programu iliyofunzwa ng'ambo inaweza kumwandikia ugonjwa mzito wa akili. Daktari huuliza kwanza: wa nyumbani nao wanasema hivyo? Imani ya jamaa nzima haihesabiwi dalili. Anayoyaona mmoja peke yake, na watu wake wenyewe wakashangaa, hilo ni jambo jingine.

"Ukitoa jina, siri imehifadhika"

Katika mji wa watu milioni, labda. Andika kwenye utafiti "mke wa nahodha wa Shela aliyefiwa na mtoto mwezi wa Ramadhani", usitaje jina, na mtaa mzima umemjua. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya katika data nyeti, lakini sheria haikufanyii kazi ya kalamu. Jina, mtaa, kazi, ukoo, tarehe na msiba wowote unaojulikana hubadilishwa au hufutwa kabla maandishi hayajatoka kwenye kompyuta ya kliniki. Na ridhaa ya matibabu si ridhaa ya utafiti: ni karatasi mbili, na mgonjwa akikataa ya pili, tiba yake haiguswi. Kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti, huja kabla ya yote hayo.

"Kazi ngumu ni kompyuta, kliniki ni ya kujikimu"

Njia yenyewe ni ndefu: shahada ya udaktari miaka 6, mafunzo ya hospitali mwaka 1, kisha shahada ya uzamili ya magonjwa ya akili isiyopungua miaka 3. Tiba ya mazungumzo hufundishwa kwa kuifanya chini ya msimamizi, vikao vya kama dakika 50, si kwa kusoma tu. Takwimu na lugha ya programu kama Python huingia katikati, jioni na wikendi. Ndiyo, inachosha.

Lakini makosa yanayoua utafiti wa aina hii huonwa na mtu wa kliniki kabla ya mtu wa kompyuta. Saa moja ya mazungumzo huchukua saa nne hadi sita kuandikwa. Baadaye watu wawili huweka alama kila sentensi, ina hatari au haina, kila mmoja peke yake. Wakikubaliana 85 kwa 100, usishangilie. Ikiwa kila mmoja ameweka "haina" kwa sentensi 90 katika kila 100, wangekubaliana kama 82 hata wakikisia vipofu; kipimo cha kapa, kinachoondoa makubaliano ya kubahatisha, hapo kinatoa 0.17 tu, yaani hawajaelewana. Kosa la pili: sentensi za mgonjwa mmoja kuwekwa nyingine upande wa kufundishia na nyingine upande wa kupimia. Mashine hujifunza namna ya kusema ya Fulani, si dalili, na matokeo hung'aa mpaka aje mgonjwa mpya. Gawanya watu, usigawanye sentensi.

Kosa la tatu ni kusoma jumla. Mtu anaweza kupata 3 tu kwenye PHQ-9, na moja ya hizo ikawa kwenye swali la 9, la mawazo ya kifo au kujidhuru. Huyo huulizwa ana kwa ana siku hiyohiyo. Na wengi wamezoea kuficha jibu la swali hilo: kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba.

"Ikifika asilimia 90, daktari hahitajiki"

Chukua watu 1,000, na 20 wamo hatarini. Programu inayonasa 90 kwa kila 100 walio hatarini, na isiyowasumbua 90 kwa kila 100 walio salama, itanasa 18 na kuwaacha 2. Lakini katika wale 980 waliosalia itawapigia kengele 98. Jumla kengele 116, za kweli 18. Kila moja inataka mtu wa kupiga simu, aongee kwa lugha anayoijua mwenye simu, na aamue kama huyu anaweza kungoja asubuhi. Akiwa yuko Kizingitini, kisiwani Pate, usiku, kuna pia swali la boti, na kama maji yamejaa vya kutosha kupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara.