Kumkatia mwenzako upepo: maana yake katika mbio za baiskeli

Ukiendesha baiskeli kutoka Igawa kupanda Makambako, kusini mwa Tanzania, mwezi wa Julai, upepo wa kusini-mashariki unakupiga usoni, na kila unapokaza miguu nao unakaza. Waendesha baiskeli wa kulipwa hupambana na adui huyo maisha yao yote ya kazi. Dawa yao ni moja: mmoja anatangulia kupasua hewa, mwenzake anabana nyuma ya gurudumu lake. Huko ndiko kumkatia mwenzako upepo.

Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayohitajika kupambana na hewa inaongezeka mara nane. Kwenye tambarare, kwa kilomita 40 kwa saa, jasho karibu lote linaliwa na upepo. Aliyebana nyuma vizuri huokoa kama theluthi ya nguvu zake, na katikati ya kundi kubwa huokoa zaidi. Ndiyo maana mwenye miguu imara akitoroka peke yake kati ya Chimala na Igurusi, kundi la watu wa kawaida wanaopokezana zamu mbele litamfikia.

Jambo hili huonekana wazi zaidi uwanjani, kwenye njia ya mviringo ya mita 250 yenye kona zilizoinuka kama ukuta. Baiskeli ya huko haina breki, ina gia moja, na pedeli zinazunguka muda wote gurudumu linapozunguka, kwa hiyo hakuna kupumzisha miguu. Katika mbio za kufukuzana za timu, watu wanne hukimbia kilomita 4, yaani mizunguko 16. Wa mbele akimaliza zamu anapanda juu ya kona, wenzake watatu wanapita chini yake, naye anashuka kuunga mkiani. Akichelewa kidogo tu, pengo linafunguka, upepo unamkuta tena, na kuliziba kunaweza kummaliza. Muda wa timu huchukuliwa kwa mtu wa tatu, kwa hiyo mmoja anaruhusiwa kutoa vyote alivyo navyo mbele na kuachia njiani. Huyo hushinda medali sawa na wenzake, na kwangu mimi anaistahili kuliko wote.

Bradley Wiggins wa Uingereza alipata dhahabu ya Olimpiki ya mbio hizo mwaka 2008 na tena 2016, na katikati, mwaka 2012, akashinda Tour de France, mbio kubwa za barabarani za Ufaransa. Geraint Thomas, mwenzake katika dhahabu ya 2008, alipokuwa barabarani alitumia miaka akimkatia upepo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi. Mwaka 2018 Thomas akashinda Tour de France yeye mwenyewe, Froome akamaliza wa tatu. Anayemwita msaidizi wa namna hiyo mshindwa hajaielewa kazi yake.

Mlimani mambo hubadilika. Ukipanda Kitonga kutoka upande wa Ruaha Mbuyuni, mwendo unashuka hadi kilomita kumi na kitu kwa saa, na hapo uzito wa mwili una kauli kuliko upepo. Kukaa nyuma ya mtu kunasaidia kidogo tu, ndiyo maana wenye nguvu hujitenga milimani.

Mkitaka kujaribu, chagueni barabara isiyo na magari mengi. Kupanga mstari nyuma ya malori ya barabara ya Tanzam ni hatari tupu: dereva hakuoni, nawe huoni shimo lililo mbele yake. Pokezaneni kila dakika moja au mbili, na anayeingia mbele asiongeze mwendo ghafla. Upepo ukitoka ubavuni, hewa tulivu huhamia upande wa pili, kwa hiyo wa nyuma ajisogeze huko, ila gurudumu lake la mbele lisipite pembeni ya la nyuma la mwenzake. Yakigusana, wa nyuma ndiye anayeanguka.