Mlinzi wa Usiku Aliye Peke Yake Malindi Hajapoteza Haki Zake

Miongoni mwa walinzi wanaokesha peke yao katika nyumba za wageni za Malindi husikika dhana kwamba aliyekubali kazi ya upweke amekubali pia hatari zake, hivyo akiumia tajiri hadaiwi kitu. Dhana hiyo si sahihi, nayo inaweza kuiacha familia bila haki yake.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa kila anayefanya kazi mahali pake, awe mmoja au mia. Kwa aliye peke yake, hatari kubwa mara nyingi si jeraha lenyewe bali ni saa zinazopita kabla haijajulikana kuwa ameumia. Ndiyo maana kupigiana simu kwa saa maalumu, na kupanga nani atakwenda kutazama simu isipopokewa, ni ulinzi wa kweli. Kuteremka kisimani au kuingia ndani ya tangi hakufai kabisa bila mwenzako juu, kwa kuwa hewa mbaya humwangusha mtu kabla hajaita.

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, humpa fidia mfanyakazi aliyeumia kazini, na haiweki sharti kwamba awe alikuwa na mwenzake. Ajali iarifiwe kwa mwajiri mapema, kwani haki hiyo hupotea miezi 12 ikipita bila taarifa. Fundi aliyejiajiri hana mwajiri wa kumfidia, lakini sheria ile ya kwanza inamtaka ajilinde mwenyewe pamoja na walio karibu naye.