Edwin Lowe na kadi za bingo: watu wanavyosema na ilivyokuwa

Kila mahali utasikia Edwin Lowe ndo aliyebuni bingo, mchezo wa kufunika namba kwenye kadi yako kadiri zinavyotajwa. Sio kweli. Italia walishakuwa na bahati nasibu ya namba toka 1530, na huko Marekani miaka ya 1920 kuna jamaa anaitwa Hugh J. Ward alikuwa anauchezesha mchezo huu kwenye maonyesho kabla Lowe hajausikia. Lowe alikuwa kijana mzaliwa wa Poland anayeuza midoli, na kwa maelezo yake mwenyewe, Desemba 1929 akiwa safarini Georgia alipita kwenye maonyesho usiku akakuta watu wamebanana mezani hawataki kwenda kulala, mchezeshaji anachomoa vibao vya namba kwenye boksi la sigara na wao wanafunika namba kwa maharage makavu. Kwa hiyo aliukuta. Alichofanya ni kurudi New York, akanunua maharage, muhuri wa namba na makaratasi magumu, akaanza kuuza: seti ya kadi 12 dola 1, ya kadi 24 dola 2.

Halafu kuna wanaosema yeye ndo aliyewaingiza makanisa kwenye kamari. Kinachosimuliwa ni kinyume chake kabisa. Padri mmoja wa Kikatoliki wa Wilkes-Barre, Pennsylvania, alikuwa anatafuta hela za parokia, akanunua seti zile za dola 2 akachezesha waumini, na hapo ndo tatizo likajitokeza, maana seti zote zina kadi 24 zilezile, sasa ukiwa na watu mia ukumbini lazima wanne au watano washike kadi moja, wanashinda kwa mpigo, kila mmoja anadai zawadi yake na kanisa linabaki mikono mitupu. Padri akamfuata Lowe kumwambia mchezo utasaidia kanisa pale tu kadi zitakapokuwa nyingi na tofauti.

Lowe akamchukua Carl Leffler, profesa wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Columbia, amtengenezee kadi 6,000 zisizorudiana. Hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu watu wanaona kadi ya bingo ni namba zimetupwatupwa tu kumbe kuna kazi ya akili pale: safu ya kwanza inabeba 1 hadi 15, ya pili 16 hadi 30, hivyohivyo mpaka 75, namba 24 na chumba kimoja cha bure katikati. Wengine wanaamini kadi tofauti zinaweza kuisha. Haziishi leo wala kesho, ukipiga hesabu unapata tarakimu 27! Ugumu wa Leffler ulikuwa kuzipanga kwa mkono bila kompyuta, akihakikisha makundi ya namba hayajirudii. Inasemwa eti alipomaliza akawa chizi, inarudiwa sana hiyo, lakini ni hadithi tu isiyo na ushahidi, na namwonea huruma mtu aliyefanya kazi nzuri vile akabaki kukumbukwa kwa uvumi.

Kingine, watu wanadhani kampuni ya Lowe ilimiliki bingo. Mchezo ulikuwa wa watu wote, washindani wakatokea haraka, na Lowe akawaomba tu wamlipe dola 1 kwa mwaka na wao pia mchezo wao wauite bingo. Kampuni iliishi kwa kuchapa kadi na michezo mingine, Yahtzee (mchezo wa dadu) ikiwemo kuanzia 1956, mpaka kampuni ya michezo ya Milton Bradley ikainunua 1973.

Na msidhani kwa kuwa ni kanisa basi sheria ilikuwa imeruhusu. Jimbo la New Jersey waliihalalisha bingo 1953, New York wakapiga kura kuihalalisha 1957, kabla ya hapo parokia nyingi zilikuwa zinachezesha huku polisi wakiweza kuingia muda wowote. Wala sio kila senti inayolipwa mlangoni inaenda kwa wahitaji, kwanza zinatoka zawadi, kadi na gharama za ukumbi, kinachobaki ndo msaada, kwa hiyo ukichangia uliza kilichobaki ni kiasi gani.

Eti karatasi imekufa? Bado kumbi kibao zinachezea vitabu vya karatasi vya kutumia mara moja, namba unazigonga kwa kalamu nene ya wino, na kila karatasi ina namba yake ya usajili, mtu akipiga kelele kwamba ameshinda mhudumu anaisoma namba ile kwa sauti, mchezeshaji anaihakiki, ndo zawadi inatolewa.