Privy Council: mahakama ya London inayomaliza kesi za visiwa vya mbali

Mtu aliyeshindwa kesi Bermuda, Gibraltar au St Helena, maeneo ya ng'ambo yaliyo chini ya Uingereza, akapanda hadi mahakama ya rufaa ya huko na kushindwa tena, bado hajafika mwisho. Amebakiwa na ngazi moja, nayo iko London. Jina lake kamili ni Kamati ya Mahakama ya Baraza la Faragha la Mfalme, lakini mawakili wa Afrika Mashariki wanaiita Privy Council tu, na hapa nitafuata mazoea yao.

Ni mahakama ya mwisho ya rufaa kwa maeneo ya ng'ambo yaliyo chini ya Uingereza, kwa visiwa vya Jersey, Guernsey na Man, na kwa nchi kadhaa huru zilizoamua kubaki nayo, zikiwemo Jamaika, Bahamas, Trinidad na Tobago, na Mauritius. Hizo mbili za mwisho ni jamhuri na hazina mfalme, ila rufaa zao bado zinaishia huko.

Zamani, raia yeyote wa mfalme wa Uingereza aliyeona amedhulumiwa na mahakama ya koloni aliweza kumpelekea mfalme ombi lake, na mfalme aliwaachia washauri wake walichunguze. Himaya ilipotanuka maombi yakawa mengi, na mwaka 1833 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuunda kamati maalumu ya majaji kwa kazi hiyo. Ndiyo sababu hadi leo, kwa maeneo yaliyo chini ya mfalme, kamati hii kitaratibu haitoi amri bali inamshauri mfalme, naye hufuata ushauri. Hadi mwaka 1966 jaji aliyetofautiana na wenzake hakuruhusiwa hata kuandika maoni yake, kwa hoja kwamba mfalme hapewi ushauri wa aina mbili.

Majaji wanaokaa kwa kawaida ni watano, na wengi wao ni wale wale wa Mahakama ya Juu ya Uingereza. Tangu 2009 taasisi hizo mbili zinatumia jengo moja, mkabala na Bunge. Lakini wanapokaa kama Privy Council hawatumii sheria ya Uingereza kwa sababu tu wako London. Wanatumia sheria ya mahali kesi ilikotoka. Rufaa ya Jersey inaweza kuwarudisha kwenye mila za kale za Normandy, jimbo la Ufaransa, na ya Mauritius kwenye sheria ya madai iliyorithiwa kutoka kwa Wafaransa. Mashahidi hawaitwi tena. Mabishano ni juu ya kumbukumbu za kesi na tafsiri ya sheria.

Wala si kila aliyeshindwa anafunguliwa mlango. Kesi nyingine zina haki ya rufaa moja kwa moja kwa mujibu wa katiba ya eneo, nyingine zinahitaji ruhusa, hasa za jinai. Wakenya wanalijua hilo vizuri. Jomo Kenyatta na wenzake watano walipohukumiwa Kapenguria mwaka 1953, safari yao ya mahakamani ilipita Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki na kufika London. Mwaka 1954 Privy Council ilikataa kuwapa ruhusa ya kukata rufaa, na haikueleza sababu.

Hoja kubwa ya kuitetea mahakama ya namna hii ni umbali wenyewe. Chukua Pitcairn, kisiwa kidogo katika Bahari ya Pasifiki chenye wakazi wapatao hamsini, wengi wao wazao wa mabaharia walioasi kwenye meli ya Uingereza iitwayo Bounty na kuichoma moto mwaka 1790. Wanaume kadhaa wa huko walipotiwa hatiani mwaka 2004 kwa makosa ya kujamiiana na wasichana wadogo, walidai kwamba mababu zao walikata uhusiano na Uingereza siku ile ile walipoichoma meli, hivyo sheria ya Uingereza haikuwahusu. Mwaka 2006 Privy Council iliikataa rufaa yao. Jiulize nani kisiwani angeweza kuamua shauri lile, mahali ambapo kila mtu ni ndugu, jirani au mkwe wa mwingine. Waathirika walihitaji jaji asiyekula meza moja na washtakiwa, na kwa jamii ndogo kiasi hicho jaji huyo lazima atoke nje.

Umbali huo huo ukihamishiwa Mombasa unaonekana vingine kabisa. Mwaka 1894, katika rufaa iliyotoka Bengal, Privy Council iliamua kwamba wakfu wa familia, yaani mali iliyofungwa kwa manufaa ya watoto na wajukuu na kuishia kwa maskini pale tu ukoo utakapokatika, si wakfu halali, kwa kuwa sehemu ya maskini ni ya jina tu. Kwa Waislamu lilikuwa pigo. Kumtunza mtu wa ukoo wako ni sadaka katika dini, na ndivyo wanazuoni walivyofundisha kwa karne nyingi. Nchini India uamuzi ulizua malalamiko makubwa hadi sheria ikatungwa mwaka 1913, kwa muswada wa Muhammad Ali Jinnah, kuurudishia wakfu wa namna hiyo uhalali wake. Lakini sheria ya India haikuvuka bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kesi ya wakfu wa familia ya Kiislamu ya Kenya ilipofika London, majaji walishikilia uamuzi wao wa 1894 na kusema unawahusu Waislamu wa Kenya pia. Familia za pwani zilizofuata mafundisho ya Kishafii zikajikuta zimefungwa na kosa ambalo Wahindi walikwisha kulisahihisha karibu miaka arubaini nyuma. Naliita kosa kwa sababu ndivyo lilivyo. Wale majaji hawakuwa wajinga wa sheria, ila waliipima sadaka ya Kiislamu kwa kipimo cha sadaka ya Kiingereza, na juu yao hapakuwa na mtu wa kuwarekebisha.

Baada ya uhuru, Tanganyika, Uganda na Kenya zilifunga njia hiyo moja baada ya nyingine, na rufaa zikabaki kwenye Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika mwaka 1977.

Hata hivyo hukumu za London ziliendelea kusomwa huku. Mwaka 1993, katika shauri la Pratt na Morgan kutoka Jamaika, Privy Council ilisema kumweka mtu zaidi ya miaka mitano akisubiri kunyongwa ni unyama, na adhabu yake ibadilishwe kuwa kifungo cha maisha. Mahakama ya Juu ya Uganda ilifuata njia hiyo mwaka 2009 katika kesi ya Susan Kigula na wenzake, ikaweka kikomo cha miaka mitatu. Hapo hukumu ilifuatwa kwa uzito wa hoja zake, bila amri ya mtu, na naona hivyo ndivyo inavyofaa kufuatwa.

Katika Karibi hukumu hiyo hiyo ya Pratt na Morgan iliwaudhi viongozi wengi na kuipa nguvu hoja ya kuwa na mahakama yao. Mahakama ya Haki ya Karibi ilizinduliwa mwaka 2005, makao yake Port of Spain. Barbados na Guyana zilijiunga nayo mwanzo, kisha Belize, Dominica, na mwaka 2023 St Lucia. Trinidad, iliyo mwenyeji, rufaa zake bado zinakwenda London. Grenada iliwauliza wananchi wake kwa kura ya maoni mwaka 2016 na tena 2018, na mara zote mbili walikataa kuhama; Antigua na Barbuda nao walikataa 2018. Siwalaumu wapiga kura hao. Mtu asiyemwamini mwanasiasa wa kwao hawezi kuharakishwa kuamini kwamba jaji aliye karibu na mwanasiasa huyo atakuwa huru.

Ila Grenada iliulizwa. Eneo la ng'ambo halina uchaguzi huo mkononi, kwa kuwa katiba yake hutolewa kwa amri ya mfalme huko huko London. Gharama nazo ni kikwazo kwa wote: mawakili wa London, nyaraka, na miezi ya kungoja. Kampuni kubwa zilizosajiliwa Visiwa vya Cayman au Visiwa vya Virgin vya Uingereza hazisumbuki na hayo. Mvuvi wa Montserrat anayegombea kiwanja chake, akikosa msaada wa kisheria, ana haki ya rufaa kwenye karatasi, na kwa hali halisi kesi yake imeishia kwenye mahakama ya chini yake.